Mausi Kukataa Kusoma Si Sababu ya Kufomati

Leo nina jambo moja na nitalisema wazi: ukipeleka kompyuta kwa fundi kwa sababu mausi haisomi, halafu urudishiwe ikiwa imefomatiwa bila kuulizwa, umeibiwa. Hata kama ulilipa ukitabasamu. Hata kama mashine ilirudi ikienda mbio kuliko zamani. Umeibiwa pesa, na mara nyingi umeibiwa faili zako pia.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwa komenti, "wewe uliacha chuo, utatufunza nini?" Ni kweli, niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa. Lakini mausi haiulizi mtu cheti. Ya waya ina nyaya nne ndani yake, na ukielewa kazi ya hizo nyaya nne hakuna mtu atakudanganya tena hapa Khayega wala Kakamega mjini.

Sababu ya kuandika hii ni kwamba wiki iliyopita niliweka kavideo kafupi nikionyesha vile unaweza kupima mausi kwa simu yako. Fundi mmoja wa huku kwetu akanipigia. Simtaji jina na msianze kukisia. Akaniambia, "Dogo, unatumwagia unga. Hizi vitu ukizianika hivyo sisi tutakula wapi?" Nikamwambia nitamjibu hadharani, ndio kila mtu asikie. Hili ndilo jibu.

Kwanza niwape kisa kimoja muone uzito wa hii maneno. Senje wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alinunua laptopu ya mitumba, zile tunaita ex-UK, akawa anaingiza humo alama za wanafunzi, ripoti za tathmini za CBC, na skimu za kazi. Siku moja mausi ikakataa kusoma. Tachipadi yenyewe ilikuwa imezimika kitambo. Akaipeleka kwa fundi, si huyu wa simu, ni mwingine. Akaambiwa Windows imeharibika, inafaa kuwekwa mpya, na mausi pia imekufa. Akalipa 1,000 ya Windows na 500 ya mausi mpya. Alirudi nyumbani na mashine safi kama sahani iliyooshwa. Rekodi za miaka mitatu hazipo. Picha za mazishi ya kuka hazipo, na hakuna mtu mwingine alikuwa nazo.

Nikachukua ile mausi "iliyokufa" nikaichomeka kwa simu yangu na adapta ya OTG. Mshale ukatokea kwa skrini hapo hapo. Nikaichomeka tena kwa laptopu, poti ya upande wa kushoto: kimya. Poti ya kulia: ikasoma. Shida yote ilikuwa poti moja. Mausi ilikuwa nzima. Na kama ni Windows ndiyo ilikuwa mbovu, mbona hiyo mpya nayo haikuona kitu kwa poti ya kushoto? Senje alilipa 1,500 na kumbukumbu za familia kwa sababu hakuna aliyechukua sekunde tano kuhamisha waya kutoka kushoto kwenda kulia.

Sasa hizo nyaya nne. Mausi ya kawaida ya USB ina mbili za umeme na mbili za mazungumzo. Za umeme zinaleta volti tano kutoka kwa kompyuta. Za mazungumzo ndizo mausi hutumia kujitambulisha: ukiichomeka, kompyuta inauliza "wewe ni nani?" na mausi inajibu "mimi ni mausi, nina vitufe kadhaa." Windows, Linux, Mac, hata Android, zote zina draiva ya mausi ndani yake tayari. Ndiyo maana mausi ya kawaida haihitaji sidii wala kudaunlodi chochote.

Hapo ndipo watu wengi huchanganywa. Wanasema, "Lakini mausi inawaka taa nyekundu, kwa hivyo ni nzima, shida ni kompyuta." Taa inakula umeme tu. Waya wa mazungumzo ukikatika pale unapojikunja karibu na tumbo la mausi, taa itaendelea kuwaka vizuri na kompyuta haitaona kitu. Na zingine zinatumia mwanga ambao jicho halioni, kwa hivyo kukosa kuona taa pia si ushahidi kwamba imekufa. Taa peke yake haimalizi kesi.

Kwa hivyo fuateni huu mpango. Ni wa bure na una mantiki: kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja.

Hatua ya 1. Badilisha poti. Kama ni kompyuta ya mezani, chomeka nyuma, usichomeke kwa zile poti za mbele. Kama unatumia kile kigawanyio cha USB, kitoe kabisa, chomeka moja kwa moja. Angalia vumbi ndani ya poti. Huku kwetu barabara ya Kisumu iko hapo tu, vumbi ni chakula cha kila siku.

Hatua ya 2. Kama haina waya, angalia swichi ya chini, badilisha betri, na hakikisha ile risiva yake ndogo ni yake kweli, si ya mausi nyingine. Risiva nyingi hufungwa na mausi yake moja tu. Na kama mshale unarukaruka, itoe risiva mbali na flash ya USB 3.0. Hizo vitu hupiga kelele kwa masafa yale yale ya 2.4 GHz ambayo mausi inatumia. Intel wenyewe waliliandika hilo mwaka 2012.

Hatua ya 3. Pima mausi kwa mashine nyingine. Huna nyingine? Unayo, iko mfukoni. Simu nyingi za Android zinakubali mausi ukiwa na adapta ya OTG. Mshale ukitokea, mausi imeondoka kwa orodha ya washukiwa. Usiinunue tena.

Hatua ya 4. Washa upya kwa njia inayofaa. Tangu Windows 8, ukibonyeza "Shut down" mashine nyingi hazizimi kila kitu. Huhifadhi sehemu ya mfumo ili ziwake haraka kesho, na hitilafu inaweza kuhifadhiwa pamoja nayo. "Restart" ndiyo inaanza upya kweli. Huna mausi ya kubonyeza? Bonyeza kitufe cha Windows na D, kisha Alt na F4, chagua "Restart" kwa mishale, bonyeza Enter.

Hatua ya 5. Kama bado, shika kitufe cha Windows pamoja na X, achilia, bonyeza M. Itafunguka "Device Manager". Tembea kwa Tab na mishale hadi "Mice and other pointing devices". Ukiona alama ya njano kwa mausi, bonyeza Delete, kubali, kisha washa upya. Windows itaitafuta tena yenyewe na kuiwekea draiva. Usiguse kibodi tu, maana hiyo ndiyo mguu uliobaki. Ukiona "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)", tafsiri yake ni kwamba kompyuta iliuliza jina na haikupata jibu linaloeleweka. Mara nyingi hapo ni waya, poti au mausi yenyewe, kwa hivyo rudi hatua ya 1 na ya 3.

Hatua ya 6. Unahitaji mshale sasa hivi, kazi haiwezi kungoja? Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kisha ukubali. Zile namba za kulia kwa kibodi zitasogeza mshale. Ni polepole kama punda, lakini utamaliza.

Hatua ya 7, ya kuhakikisha kabisa. Washa mashine na flash yenye Linux bila kuiinstoli. Mausi ikifanya kazi humo, vifaa ni vizima na shida iko kwa Windows. Isipofanya kazi humo pia, kufomati Windows ni kuosha gari ambalo halina injini.

Fundi anayejua kazi anamaliza hizi zote kabla chai yako haijapoa. Na bado kuna watu wanaruka zote saba, wanaenda moja kwa moja kwa fomati.

Sasa tuje kwa uongo wenyewe, maana una sura tatu na nimezisikia zote hapa.

Ya kwanza: "Virusi imekula draiva ya mausi." Virusi inaweza kuharibu vitu vingi, sikatai. Lakini mtu akikuambia hivyo kabla ya kubadilisha poti, anakusimulia hadithi, hajapima kitu.

Ya pili: "Windows imechoka." Windows si mtumba wa koti. Inaweza kuharibika, na ikiharibika kabisa kuna wakati kuweka mpya ni halali. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho, baada ya kuhamisha faili zako kwa diski nyingine, na baada ya wewe mwenyewe kusema ndiyo.

Ya tatu ni mpya na ndiyo inaniudhi zaidi: "Windows 10 ilifungwa, ndio maana mausi haisomi, inabidi uhamie 11." Ni kweli Microsoft walisitisha usaidizi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba apdeti za bure za usalama ziliisha kwa mtu ambaye hakujiandikisha kwa ule mpango wa nyongeza. Ni jambo la kufikiria, na kama unafanya mambo ya benki kwa hiyo mashine, fikiria haraka. Lakini hakuna mausi iliyozimwa tarehe hiyo. Ukiuziwa Windows 11 kama dawa ya mausi, umeuziwa dawa ya minyoo ukiumwa na jino.

Nirudi kwa yule wa "unatumwagia unga." Nitakuwa mkweli, hoja yake si ya kipuuzi. Analipa kodi ya kibanda, analipa stima, ikipotea anakaa gizani na wateja wanahama. Akisema "shida ilikuwa poti, nipe mia mbili," mteja anaruka juu: "Mia mbili ya kuchomoa na kuchomeka? Dakika mbili?" Anaondoka bila kulipa, na anamtangaza soko nzima kwamba ni mwizi. Lakini akiiweka mashine kwa kaunta saa nne, skrini ikizunguka na asilimia zikipanda, mteja analipa 1,000 bila kununa na anasema asante kaka.

Hapo wasee, na mimi nawaambia nyinyi wateja: hii biashara ya uongo mnaijenga wenyewe. Tunalipa jasho, hatulipi akili. Tunataka kumwona mtu akihangaika ndio tuamini amefanya kazi. Fundi mwaminifu anayepata shida kwa dakika mbili tunamnyima, halafu anajifunza. Mwezi ujao na yeye anafomati. Kwa hivyo sikubali kwamba kosa ni la mafundi peke yao. Ukimlipa mtu kwa kukudanganya na kumfukuza kwa kukuambia ukweli, usishangae ukikosa mkweli mtaani.

Lakini fundi naye hawezi kujificha hapo. Njaa inaeleza kwa nini umedanganya, haikupi ruhusa ya kufuta picha za mazishi ya mtu. Kuna tofauti kubwa kati ya kumtoza mteja mia tano kwa kazi ndogo na kuvunja nyumba yake ndio uonekane ulikuwa na kazi ya kufanya. Toza hiyo mia tano basi! Mimi siko na shida na bei. Shida yangu ni uharibifu unaofanywa ili bei ionekane halali.

Na sheria iko upande wa mteja, ni vile hatuisomi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Habari ni haki, imeandikwa. Kwa hivyo ukimuuliza fundi "umepima nini na umepata nini?" humsumbui. Unadai kitu ambacho ni chako.

Mtu atasema ninapigia kelele kitu kidogo, mausi tu. Sikieni. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 ziko eCitizen. Ritani za KRA ni iTax, na ukipita tarehe 30 Juni bila kufaili, faini ya mtu binafsi huanzia 2,000, hata kama hukupata shilingi mwaka huo. Mkopo wa HELB unaombwa kwa mtandao. Mama mboga, mwalimu, kijana wa bodaboda, wote wamesukumwa mbele ya skrini wapende wasipende. Kwa huyo mtu, mausi ikikataa siku ya mwisho, hicho si kitu kidogo. Na woga wake wa ile mashine ndio mtaji wa mtu mwingine.

Huo woga tuliufunzwa shuleni. Mimi nilifanya somo la kompyuta hadi kidato cha nne. Nilikariri aina za mausi: ya mpira, ya mwanga, isiyo na waya. Naweza kukuambia hadi leo kwamba mausi ya kwanza ilitengenezwa kwa mbao mwaka 1964 huko Stanford Research Institute, wazo la Douglas Engelbart, ikiundwa na Bill English, na ikaonyeshwa umma San Francisco Desemba 1968. Vizuri sana. Lakini katika miaka minne hakuna siku tuliruhusiwa kuchomoa mausi. "Usiguse nyaya!" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya maabara. Tukatoka na gredi, tukaingia mtaani tukiogopa waya. Engelbart alikuwa anatafuta njia ya kuongeza uwezo wa binadamu wa kutatua mambo magumu. Sisi kifaa chake kimetufanya tumtafute mtu wa kutushikia mkono.

Huku kwetu siku ya fahali kupigana, fahali wako akikataa kuingia uwanjani, hukimbilii kumuuza. Utamwangalia mguu, utauliza alikula nini, utamuuliza kijana aliyemlisha. Mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta anajua kutafuta chanzo kabla ya kukata shauri. Akili hiyo tunayo tayari. Tunaiacha tu mlangoni tukiingia kwa saiba.

Kwa hivyo nataka nini? Nataka vitu vitatu na nitavirudia kila wiki hadi mchoke na mimi.

Ndugu zangu mafundi, bandikeni karatasi ukutani. Mkiandika "Kupima ni 200, hata kama shida ni ndogo. Hatufomati bila ruhusa yako na bila kuhamisha faili zako," mimi mwenyewe nitakuja niwapige video ya bure, niwatangaze hadi Mukumu na Shinyalu. Hiyo unga mnayosema nimemwaga, nitawasaidia kuikusanya.

Wateja, lipeni hiyo mia mbili. Lipeni na mshukuru, hata kama ilichukua dakika moja. Mnalipia miaka ambayo huyo mtu alitumia kujua aangalie wapi. Na kabla mwachie mashine, ulizeni maswali mawili: "Umejaribu poti nyingine? Umeijaribu hii mausi kwa mashine nyingine?" Akikasirika, funga laptopu yako, weka kwa begi, nenda.

Walimu wa kompyuta, siku moja tu kwa muhula, chomoeni mausi zote kwa maabara, zichanganyeni na mbovu mbili tatu, waambieni watoto watafute shida wenyewe. Hakuna mtu atakufa. Ni volti tano.

Senje hatapata zile picha tena, nimejaribu programu za kurudisha faili na kimetoka kidogo sana. Sasa hivi anaweka nakala ya kila kitu kwa flash mbili, na wiki hii amewaonyesha walimu wenzake watatu ile hatua ya simu. Hiyo kesho na nyinyi mtaanza nayo: chukua ile mausi uliyotupa kwa droo ukiambiwa imekufa, chomeka kwa simu, halafu uje hapa chini uandike umepata nini. Nahesabu.